Alama Aliyoifuta Évode

Siku ya soko Kicukiro, Septemba ya mwaka 1994, mikono miwili ilishika wavu mmoja. Wa kwanza ulikuwa wa kike, umevaa saa ya kiume iliyoongezwa tundu ili isivuke kiganja. Wa pili ulikuwa wa kiume, na grisi ilikuwa imelala chini ya kucha zake. Wavu wenyewe ulikuwa wa samaki. Umetoka ziwa gani hakuna aliyeuliza, maana miezi ile Kigali watu walikuwa na maswali mengine mazito zaidi ya kuulizana.

"Samahani, kaka," alisema mwenye saa. "Mkono wangu umetangulia."

"Dada, mimi niliiona tangu kule kwa maharagwe. Macho yangu ndio yalitangulia."

"Macho hayanunui."

"Na wewe unaipeleka wapi? Kwenu iko ziwa?"

"Naziba madirisha. Nyumba yetu haina kioo hata kimoja, mbu wanaingia kama wamealikwa. Na wewe ni mvuvi?"

"Hapana. Mimi niko natengeneza kiwanja cha tenisi."

Yule dada akacheka, na ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka kwa sauti tangu aingie nchini. "Tenisi? Nani anacheza tenisi kwenye mji huu sasa hivi?"

"Mimi. Na wewe pia unacheza. Nimeona miguu yako."

Alikuwa amevaa sketi ya kijivu ya ofisini na blauzi ya manjano iliyonyooka kwa pasi, lakini chini alivaa raba nyeupe zilizolika upande wa kidole gumba, mahali ambapo mcheza tenisi huburuta mguu anapopiga. Akaona haya kidogo kusomwa namna ile na mtu asiyemjua.

"Nilicheza shuleni, Dar es Salaam. Siku hizi nasoma kitabu cha sheria zake tu."

"Basi tumepata refa."

Mama muuza wavu alikuwa amechoka nao. "Ninyi wawili mnaoana au mnanunua?" akauliza kwa Kinyarwanda, akachukua kisu akaukata wavu, kipande kirefu kwa mwanaume na kifupi kwa mwanamke. Na kila mmoja akaondoka na jina la mwenzake.

Jina la dada lilikuwa Kaliza. Wazazi wake walikimbilia Tanzania kabla hajazaliwa, wakafia huko, na aliyemlea ni kaka yake, Kagabo, anayemzidi miaka kumi na tano. Sasa Kagabo alikuwa ofisa wa michezo wizarani, na Kaliza alikuwa karani katika ofisi hiyohiyo. Kijana aliitwa Évode. Alizaliwa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, na alikuwa bingwa wa tenisi wa mji ule miaka mitatu mfululizo. Alirudi Kigali na mama yake, raketi mbili na ufundi wa magari. Baba zake wadogo watatu, waliobaki mtaa wa Gikondo, hapohapo Kigali, miaka yote ile, waliuawa katika mauaji ya Aprili pamoja na watoto wao wote. Kinyarwanda walikijua wote wawili, ila cha Évode kilijaa Kirundi na cha Kaliza kilikwama katikati ya sentensi, kwa hiyo mapenzi yao wakayaweka kwenye Kiswahili.

Ndiyo, mapenzi. Hayakuchukua hata wiki mbili. Kaliza alishuka Gikondo jioni moja kuhakikisha kama mtu wa wavu hakumdanganya, akamkuta nyuma ya maghala, amevua shati, anaponda matofali kwa nyundo na kumwaga unga wake mwekundu juu ya kiwanja kilichoota majani.

"Kwetu tulicheza kwenye sementi," alisema Kaliza.

"Sementi iko ya kuegesha magari, chérie. Udongo ndio unasema ukweli. Mpira ukianguka unaacha alama, unaona?"

"Nani amekuruhusu kuniita hivyo?"

"Bado hujakataa."

Hakukataa. Simu ya gereji alikofanya kazi Évode ilipofufuka mwezi wa kumi, ikawa inalia kila siku saa nne asubuhi.

"Haloo, gereji?"

"Gereji inakusikia, madamu. Gari iko na shida gani?"

"Asubuhi haiwaki. Nahisi imekosa mtu wa kuisukuma."

"Ilete jioni, nitaisukuma mimi mwenyewe mpaka Kicukiro."

"Fundi, una maneno wewe."

"Na wewe una kaka. Amekwisha kusikia?"

Alikuwa amekwisha kusikia. Mapenzi ni kikohozi, na meza ya Kagabo ilikuwa hatua nne kutoka kwenye simu. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye suti moja ya kahawia na sauti ya chini, na alimpenda dada yake kwa namna ya kuogopa, kama mtu aliyebakiwa na kitu kimoja.

"Huyo kijana wako," alimwambia wakila. "Ukoo wake tutamuuliza nani?"

"Ana mama yake."

"Mama hashuhudii mwanawe. Mtu anapokuja kuposa, anakuja na watu wanaosema, huyu tunamjua, tumemuona akiwa na njaa, tumemuona akiwa na hasira. Yeye nani atamsemea? Kaliza, mji huu umejaa watu waliofika jana. Kila mmoja anasema yeye ni mwema."

"Hata sisi tulifika jana, kaka."

"Ndiyo maana naogopa."

Novemba ikaleta habari. Shule moja ya tenisi ya Nairobi ilikuwa tayari kumpokea mchezaji mmoja kutoka Rwanda kwa miezi sita. Kagabo akaandaa mashindano, wachezaji kumi na wawili tu, kwenye kiwanja cha Gikondo kwa sababu ndicho kilichokuwa na wavu. Mwamuzi akawa Kaliza. Nani mwingine? Kitabu cha sheria kilikuwa kimoja nchini, na yeye alikuwa amekimaliza mara mbili.

"Usitegemee huruma yangu," alimwonya Évode kwenye simu.

"Huruma yako nitaitumia nikiwa mgonjwa. Siku ile nipe haki tu."

Fainali ilichezwa Jumapili baada ya misa. Watu walijaa mpaka juu ya mapaa ya maghala. Upande mmoja alisimama Évode, kaptula nyeupe aliyoshona mama yake, soksi zimepandishwa. Upande wa pili alisimama Kenny, dereva wa shirika la misaada, mrefu, mcheshi, aliyekulia Kampala na kujifunzia kwenye sementi kama Kaliza. Juu ya kiti kirefu alikaa Kaliza, gauni jeupe na kofia ya majani, hatazami upande wowote kuzidi mwingine.

Kila mmoja alishinda seti moja. Seti ya tatu, Évode akiongoza michezo mitano kwa minne, yeye ndiye aliyekuwa anaanzisha. Arobaini kwa thelathini. Pointi moja tu ilibaki, na baada ya pointi hiyo ni Nairobi.

Évode akaanzisha. Kenny akaurudisha mpira kwa nguvu zake zote, ukaruka juu ya wavu na kushuka nyuma kabisa, kwenye miguu ya Évode.

"Nje," akasema Kaliza. "Mchezo, seti na mechi."

Watu wakanguruma. Lakini Kenny aliinua raketi. "Hapana. Ule mpira ulikuwa ndani. Mwamuzi, shuka uangalie, alama iko pale."

Kaliza akaanza kushuka ngazi. Alipofika katikati akaona, na watu mia tatu wakaona naye, Évode ameinama juu ya alama, anaitazama. Kisha akaifuta kwa soli ya kiatu. Mara mbili, taratibu, mpaka udongo ukawa sawa.

Ngoja nikwambie mimi sasa hivi, kwa sababu wao walichelewa kuambizana na roho yangu haiwezi kukaa nalo. Mpira ulikuwa ndani. Na kwa waliokulia kwenye udongo, mchezaji akiona mpira wa mwenzake ulikuwa ndani, hasubiri mwamuzi. Anaifuta ile alama kwa mguu wake, na kwa kufuta amesema: nimekosa mimi, pointi ni yako. Hakuna tendo la uungwana kulizidi hilo kwenye kiwanja kile. Évode alikuwa amepewa ubingwa, akaurudisha. Lakini waliokulia kwenye sementi, ambako mpira hauachi alama, waliona mtu anayefuta ushahidi kabla haujakaguliwa.

"Évode," alisema Kaliza, na sauti yake ilikuwa ngeni. "Umeifuta alama?"

"Nimeifuta."

"Nilikuwa nakuja kuitazama."

"Hakuna kitu cha kutazama. Tuendelee."

"Kwa nini umeifuta?"

Hapo ndipo mtu wa juu ya paa alipoita, "Mwizi," na wengine wakapokea. Évode hakutazama mapaa. Alimtazama Kaliza, akaona usoni mwake kwamba neno lile limeingia na limekaa. Angeweza kueleza kwa sentensi moja. Lakini kijana aliyefunzwa Buyenzi, akiitwa mwizi mbele ya mwanamke anayempenda na mwanamke yule akabaki kimya, hana sentensi. Akarudi kwenye mstari wa kuanzishia, mpira mkononi.

Kaliza alipanda tena ngazi. "Pointi kwa Kenny," alisema. "Na pointi ya adhabu kwa mchezaji aliyeharibu alama. Faida kwa Kenny, pointi moja mbele."

Évode akapoteza mchezo ule, akapoteza na miwili iliyofuata. Alimpa Kenny mkono, akachukua raketi zake, akapita chini ya kile kiti bila kuinua kichwa.

"Umemuona," alisema Kagabo usiku ule. Kaliza aliondoa vyombo mezani. Alikuwa amemuona, na ndicho kilichomnyima usingizi.

Jumatatu saa nne aliinua simu.

"Haloo, gereji?"

"Évode hayuko," ilijibu sauti ya Évode, na laini ikakatwa.

Jumatano Kagabo aliandika ripoti: udanganyifu, kufungiwa miaka miwili. Kaliza alitia sahihi mahali pa mwamuzi. Hakusita, na baadaye hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote. Ripoti ilitakiwa imfikie mhusika kabla ya Jumamosi, siku ya kukabidhi kombe. Akaikunja, akavaa koti lake la mvua, akashuka Gikondo mwenyewe.

Kiwanjani walikuwa wanacheza wazee wawili wa Bujumbura, Eustache na mwenzake. Évode hakuwa amefika. Daphrose, mama yake, alikuwa amekaa pembeni juu ya kipande cha gogo, kanga mabegani, chupa ya chai miguuni. Alimwona Kaliza, akamwitikia salamu, hakumkaribisha kukaa. Kaliza akasimama kusubiri, maana hakuwa na pa kwenda.

Mzee Eustache alikosa mpira uliotua karibu na mstari. Alienda, akatazama chini, akafuta kwa kiatu. Mwenzake akahesabu pointi na kuanzisha tena. Kaliza akakunja uso. Dakika chache baadaye mwenzake akafanya vilevile upande wake, na Eustache akajihesabia pointi bila hata kuuliza. Mara ya tatu Kaliza alimgeukia Daphrose.

"Mama," alisema polepole. "Kwa nini wanafuta?"

Daphrose alifungua chupa ya chai. "Mpira ukiwa mzuri, unafuta. Ukifuta umetoa pointi. Baba yake alimfundisha hiyo mbele ya kujua kuandika jina lake." Akamimina chai kwenye kifuniko, akanywa yeye. "Wewe si ndiye refa?"

Kaliza akakaa chini kwenye udongo mwekundu na koti lake zuri.

Évode alimkuta hapohapo. Alitaka kupita, akashindwa.

"Kwa nini hukusema?" Kaliza alimuuliza bila kunyanyuka.

"Nilisema tuendelee. Ulikuwa umekwisha kunipa mechi, mimi nikarudi kwenye mstari kuanzisha tena. Mtu aliyeshinda anaanzisha nini, Kaliza?"

Hilo hakuwa amelifikiria. Watu mia tatu hawakulifikiria. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Wale wa juu ya paa hawanijui," aliendelea Évode. "Waite watakavyo. Mimi niliangalia kwenye kiti. Nikasema, huyu ananijua. Nikakuona unapanda ngazi."

"Nimekujua wiki kumi tu. Sina hata mtu wa kumuuliza habari zako."

"Wale wa kuulizwa waliuawa."

Daphrose alikuwa ameinuka, akaenda kusimama mbali, anatazama maghala.

"Hii ni ripoti," alisema Kaliza. "Miaka miwili. Nimeitia sahihi."

"Nipe basi."

"Hapana. Jumamosi nitasema mbele ya walewale."

"Usifanye kwa huruma."

"Nafanya kwa aibu, Évode. Na kwa sababu nakupenda, lakini hata ningekuwa sikupendi ningefanya."

Kagabo hakutaka kusikia. "Ofisi yangu ina miezi minne. Unataka mwamuzi wetu wa kwanza asimame aseme hakujua?"

"Hakujua."

"Watasema ni mchumba wako."

"Hilo litakuwa kweli."

"Na mimi nitakuwa nani mbele yao?"

"Kaka aliyenilea nisiseme uongo." Kagabo aliondoka mezani, chakula hakukigusa.

Jumamosi mapaa yalijaa tena. Kombe lilikuwa juu ya meza yenye kitambaa, na Kenny amevaa tai. Kaliza alivaa kitenge cha buluu, akasimama mbele ya meza kabla mtu hajampa nafasi, na kwa Kinyarwanda chake kinachokwama akaeleza yote: alama, mguu, maana yake, na kosa lake. Maneno yalipomwishia alimalizia kwa Kiswahili.

"Yule mliyemwita mwizi alikuwa anarudisha ushindi niliompa kimakosa. Pointi ya Kenny ilikuwa halali. Adhabu haikuwa halali. Kwa sheria, mechi ilisimama arobaini kwa arobaini, na hapo ndipo ilipo mpaka leo. Mimi sitakaa tena kwenye kile kiti, kwa sababu mmoja wa wachezaji nampenda, na nilipaswa kusema tangu mwanzo."

Mwanamke kusema vile mbele za watu, kaka yake akiwa amekaa pale, lilikuwa jambo zito. Kagabo alitazama mikono yake.

Kenny ndiye aliyeinuka. Alivua tai. "Mimi sikujua hiyo ya kufuta," alisema. "Nilimwita majina mabaya nyumbani kwangu, mke wangu shahidi. Niazimeni raba. Arobaini kwa arobaini."

Kiti cha mwamuzi kikabaki kitupu, na wachezaji wakajiamulia wenyewe. Kaliza alisimama kando ya Daphrose, hawagusani. Évode akapata faida, Kenny akaifuta kwa pigo la kuvuka kiwanja. Kenny akapata faida, Évode akaokoa akiwa ameanguka magoti yote mawili. Ilienda hivyo mara nne. Mara ya tano faida ikawa ya Évode, na Daphrose aliushika mkono wa Kaliza bila kumtazama, akaukaza mpaka ukauma. Évode akaanzisha, akakimbia mbele, akautua mpira mfupi nyuma tu ya wavu. Kenny alikimbia mwendo wake wote mrefu, raketi imenyooshwa, akaufikia, akaupiga kwenye wavu.

Kenny alikuwa wa kwanza kumkumbatia. Kagabo alimkabidhi Évode kombe, akasema maneno machache ya kiserikali, akaondoka peke yake kwa miguu.

Siku tano kabla ya Noeli, gari la shirika liliegeshwa mbele ya nyumba ya Kicukiro. Alishuka Daphrose, kitambaa cheupe cha vazi la umushanana begani, kisha Évode ndani ya suti iliyokuwa ya mtu mnene, kisha Mzee Eustache. Na wa mwisho, kifua mbele, alishuka Kenny. Évode hakuwa na baba mdogo wa kumsemea, kwa hiyo Kenny alikwenda gereji mwenyewe akasema, nitasema mimi.

Sebuleni Kagabo aliwakalisha, akawapa vinywaji, akaanza kukataa kama inavyotakiwa siku ya kuposa.

"Kijana wenu anaenda Nairobi miezi sita. Asiporudi nitamuuliza nani?"

"Uniulize mimi, mzee," alisema Kenny.

"Wewe unamjua tangu lini?"

"Tangu alipokuwa amenishinda na akakataa kunishinda. Wewe kuna mtu umemjua hivyo?"

Kagabo aliacha mchezo wa kukataa. Aliinamisha kichwa kidogo, na alipokiinua sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Mwiteni dada yangu."

Kaliza alitoka chumbani kwa hatua fupi, ameinamisha macho kama alivyofundishwa na majirani, kitambaa cha rangi ya chungwa begani. Alisimama mbele ya kaka yake. Évode akaweka glasi chini.

"Hawa wageni wanasema wanakujia wewe," alisema Kagabo. "Kabla sijawajibu, niambie. Huyu mtu unamjua?"

Kaliza aliinua macho, akamtazama Évode.

"Namjua, kaka," alisema, na machozi yakamtoka mbele ya wote.